Miche 500 isubiri kwanza

Swali: Sisi ni kikundi cha majirani wapatao 20. Karibu nasi kuna kipande cha msitu kilichosalia kando ya kijito, kama ekari 6 hivi, na kila mwaka kinazidi kupungua. Tunataka kuijua mimea ya asili iliyomo na kuilinda. Miongoni mwetu hakuna aliyesomea mimea. Mfadhili mmoja ameahidi kutupa miche 500 tuipande mvua zikianza. Tuanzie wapi? Na je, tunaruhusiwa kuchuma sampuli ili zikatambuliwe?

Jibu: Ndugu, nimefurahi kwamba mmeuliza kabla ya miche kufika, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu inaihusu. Mwombeni mfadhili aicheleweshe kwanza. Mahali ambapo miti ya asili bado imesimama, kupanda huwa kazi ya mwisho, na mara nyingi hakuhitajiki hata kidogo. Kwanza mjue kilichomo. Kisha muondoe kinachokiua. Baada ya hapo muipe ardhi muda iote yenyewe, ndipo mtazame ni wapi imeshindwa. Vikundi vingi huanza na jembe kwa sababu siku ya kupanda huvuta watu na matokeo yake huonekana papo hapo. Ninaielewa hamu hiyo. Lakini nimeona mashimo ya miche yakichimbwa juu ya vichipukizi vya miti adimu ambavyo hakuna aliyejua kuwa vipo, na hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Ardhi yenu haiko tupu. Chini ya miti kuna mbegu zilizolala udongoni, visiki vyenye mizizi hai, na miche midogo isiyofika urefu wa kiganja ambayo imekuwa ikisubiri mwanga kwa miaka. Mwaka 1983, nchini Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo alikuwa amechoka kupanda miche iliyokuwa ikifa karibu yote. Alipovitazama kwa makini vile vichaka vilivyotapakaa mashambani, akatambua kwamba ni machipukizi ya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake bado ilikuwa hai. Wakulima walipoanza kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kuyapogolea na kuyalinda, miti ikarudi pasipo kitalu. Njia hiyo imeenea katika zaidi ya hekta milioni 5 za nchi hiyo. Nchini Tanzania njia hiyo inajulikana kwa jina la kisiki hai.

Mfano wa pili unawahusu zaidi, maana ulihusu msitu uliobanwa na makazi ya watu kama wenu. Miaka ya 1960, jijini Sydney, dada wawili walioitwa Joan na Eileen Bradley walikuwa wakitembea mara kwa mara katika msitu wa jirani yao uliovamiwa na magugu ya kigeni. Waliona kwamba vibarua walipofyeka eneo kubwa kwa mara moja, magugu yalirudi yakiwa mengi kuliko mwanzo. Wakaanza kung'oa kidogo kidogo kwa mikono, na wakajiwekea kanuni tatu ambazo hadi leo sijaona za kuzishinda: anza pale penye mimea ya asili mingi na magugu machache, ukielekea palipoharibika, usiuvuruge udongo kuliko inavyolazimu, na uufunike tena kwa majani yake, na mwendo wa kung'oa uamuliwe na mwendo wa mimea ya asili kurudi. Watu hupenda kuanzia palipoharibika zaidi, kwa huruma. Fanyeni kinyume. Eneo zuri likilindwa huwa chanzo cha mbegu kwa mengine yote, na likipotea wakati mnapambana na kichaka kibaya, hamtakuwa na pa kuchukua.

Kabla ya kung'oa chochote, lazima mjue kipi ni cha asili. Mmea wa asili wa mahali fulani ni ule uliofika hapo bila kuletwa na binadamu, na sifa hiyo huendana na mahali, haiendani na mmea wenyewe. Mbuyu ni wa asili Afrika, ukipandwa Brazili ni mgeni. Mkaratusi ni wa asili Australia, jakaranda ni ya Amerika Kusini, na hata mwarobaini, ambao watu wengi wameuzoea tangu utotoni, asili yake ni bara Hindi na nchi za jirani zake. Hii haina maana kwamba kila mgeni ni adui. Wageni wengi hukaa walipopandwa bila kusumbua. Wa kuhofiwa ni wachache wanaojisambaza wenyewe na kuisonga mimea mingine, nao ndio tunaowaita mimea vamizi: Lantana camara kutoka Amerika ya kitropiki, mathenge, gugumaji, gugu karoti. Katika daftari lenu mtahitaji safu tatu: mimea ya asili, wageni wasio na madhara, na wavamizi. Na safu ya nne, ambayo mwanzoni itakuwa ndefu kuliko zote, ya mimea msiyoijua bado.

Sasa kuhusu kuijua. Msiogope kwamba hamna mtaalamu. Kumejulikana aina zipatazo 350,000 za mimea yenye mishipa duniani, na hakuna mtu anayezijua zote. Katika ekari zenu 6 huenda mkakuta mia na kitu au mia mbili. Ishirini za kwanza, zile mnazozikanyaga na kuzipita kila siku, zitawachukua majuma machache. Nyingine mtazipata moja moja kadiri zinavyochanua. Ndiyo maana ninashauri mzunguke msituni walau mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima kabla ya kusema mnaujua. Kuna mimea inayotokeza juu ya ardhi kwa majuma machache tu baada ya mvua, kama okidi za ardhini na jamii ya vitunguu pori, kisha inarudi kwenye viazi vyake isionekane tena. Kikundi kinachotembelea msitu wakati wa kiangazi peke yake kitaapa kwamba mimea hiyo haipo.

Watu wengi huanza na ua, na ua likikosekana wanakata tamaa. Anzeni na jani, kwani lipo karibu mwaka mzima. Swali la kwanza: majani yamepangwaje kwenye tawi, yanapishana moja moja, yamekabiliana mawili mawili, au yanalizunguka tawi kwa pamoja? Swali la pili: hili ni jani moja, au ni sehemu tu ya jani kubwa lililogawanyika? Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, na njia ya kuamua ni rahisi. Tazama kwapani, pale kikonyo kinapoungana na tawi. Jani kamili lina kichipukizi kidogo kwapani mwake. Kipande cha jani lililogawanyika hakina. Ukitazama tawi la mkwaju kwa njia hii utagundua kwamba vile ulivyokuwa ukiviita majani ni vipande vidogo tu vya jani moja.

Baada ya hapo tumieni mwanga, pua na vidole. Inua jani lielekee jua: ukiona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, na ukilifikicha likatoa harufu ya ndimu, yawezekana sana uko kwenye familia ya michungwa. Shina lenye pembe nne na majani yaliyokabiliana yenye harufu kali hukupeleka kwenye familia ya mrehani. Majani yaliyokabiliana, yenye kingo laini zisizo na meno, na kati ya vikonyo viwili pana kipande kidogo cha umbo la pembetatu kinachoviunganisha: hiyo ni familia ya kahawa, mojawapo ya familia kubwa kuliko zote katika misitu ya joto. Ukikata kitawi kikatoka utomvu mweupe, tazama kama pana alama ya duara inayokizunguka kitawi pale jani lilipotokea. Ikiwepo, pengine ni jamii ya mikuyu. Isipokuwepo, kuwa mwangalifu, kwa kuwa huenda ni jamii ya mnyaa, na utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kulipofusha. Watoto wafundishwe hilo kabla ya kitu kingine chochote. Lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10 itawasaidia kuliko simu ya gharama kubwa.

Simu nayo ina kazi yake. Kosa ninaloliona kila mara ni picha moja nzuri ya ua peke yake, ambayo mtaalamu hawezi kuifanyia lolote. Pigeni picha ya mmea mzima na mahali ulipoota, gome la shina, tawi linaloonyesha mpangilio wa majani, jani juu na chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda likiwepo. Wekeni rula au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Picha hizo mnaweza kuziweka kwenye iNaturalist, mfumo ulioanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambapo watu wa dunia nzima husaidiana kutambua viumbe. Programu yake hupendekeza jina mara moja. Lipokeeni kama fununu. Mashine hizi hufanya vizuri pale ambapo picha nyingi zimeshapigwa, na maeneo mengi ya joto bado yana picha chache, kwa hiyo huwa zinavuta jina la mmea unaofanana kutoka bara jingine. Jina liingie daftarini baada ya mtu anayeijua mimea ya eneo lenu kulithibitisha.

Kuhusu sampuli: ndiyo, inawezekana, lakini kwa ruhusa. Ya kwanza ni ya mwenye ardhi, awe mtu, kijiji au serikali. Ya pili, katika nchi nyingi, ni kibali cha mamlaka ya misitu au ya mazingira, hasa kama eneo ni la hifadhi au mmea umo kwenye orodha ya mimea inayolindwa. Kuna pia mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unaosimamia biashara na usafirishaji wa mimea iliyo hatarini kuvuka mipaka. Okidi karibu zote zimo, na msitume hata jani lake nje ya nchi bila karatasi. Pamoja na hayo, nawashauri msichume chochote kabla ya kuzungumza na hebaria iliyo karibu nanyi. Hebaria ni maktaba ya mimea iliyokaushwa, na duniani zipo zaidi ya 3,000 zikiwa na sampuli karibu milioni 400. Nyingi ziko vyuo vikuu na kwenye makumbusho ya taifa. Waandikieni, waelezeni mlipo, waulizeni kama wangependa kupokea sampuli zenu. Sehemu nyingi ndogo kama yenu hazijawahi kukusanywa hata mara moja, na wanaofanya kazi humo huwa na furaha ya kweli kupata watu wanaoweza kurudi mahali pale pale kila mwezi, jambo ambalo wao hawana muda wala nauli ya kulifanya.

Mkikubaliwa, kazi yenyewe haihitaji vifaa vya ajabu. Kateni tawi lenye urefu usiozidi ukurasa wa gazeti, likiwa na maua au matunda, kwa maana tawi la majani matupu ni vigumu kulitambua. Litandazeni ndani ya gazeti siku hiyo hiyo kabla halijanyauka, mgeuze jani moja ili upande wa chini uonekane, mlibane kati ya maboksi yaliyokatwa na kufungwa kwa mkanda, kisha mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Kwa mimea midogo inayong'olewa na mizizi, fuateni kanuni ya ishirini: kwa kila mmoja mnaouchukua, muwe mmeona mingine 20 ya aina hiyo hapo hapo. Msipoifikisha, pigeni picha muiache.

Na maandishi ni nusu ya sampuli. Tawi lisilo na maelezo halina maana kwa mtu yeyote. Andikeni tarehe, mahali na vipimo vya GPS, mwinuko, aina ya udongo, kama ni kivulini au juani, urefu wa mmea, pamoja na vile vitu vitakavyopotea utakapokauka: rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu. Andikeni majina ya waliochuma na namba ya sampuli. Nami ningeongeza jina la kienyeji, kwa lugha ya aliyelitaja, na jina la lugha hiyo.

Jambo hilo la majina ya kienyeji linataka adabu. Wazee, waganga, wachungaji na wanaookota kuni wanaijua mimea kuliko mimi ninavyoijua ya eneo lenu. Wakaribisheni kama walimu. Muulizeni kila mmoja peke yake, kwa sababu kundi likiwa pamoja wa kwanza kujibu huwafunga wengine mdomo, na tofauti za majibu ndizo zenye elimu: jina moja linaweza kubeba aina mbili, na mara nyingine mzee hutenganisha kwa majina mawili kile ambacho wengine tumekiona ni kimoja, kisha hebaria ikathibitisha kwamba mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini elimu ya dawa si ya kuchapisha ovyo. Wasan wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitafuna mmea wa Hoodia kuzuia njaa safarini tangu kale. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikaweka hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya kiambata chake bila kuwashirikisha, na ni mwaka 2003 tu ndipo mkataba wa kuwagawia mapato ulipotiwa saini. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka msingi wa kwamba wenye elimu ya jadi waombwe idhini kabla. Kwa kikundi chenu ina maana ya kumuuliza mzee waziwazi: hili tuliandike, au libaki kwako? Akisema libaki, libaki.

Kuna siri nyingine mnayopaswa kuitunza, nayo ni ya mahali. Mkiupata mmea adimu mtatamani kuutangaza. Msitaje ulipo. Mimea midogo ya Conophytum ya Afrika Kusini imekuwa ikiibwa kwa wingi ili kuuzwa kwa wapenzi wa mimea ya vyunguni, na sikadi, mimea ya kale inayofanana na mitende mifupi, nazo zimeandamwa vivyo hivyo. Sikadi moja, Encephalartos woodii, iligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye huko huko Afrika Kusini. Ulikuwa mmea mmoja tu, dume, na hakuna jike aliyewahi kupatikana. Yote iliyopo leo kwenye bustani imetokana na machipukizi ya ule mmoja, na porini haipo tena. Mfumo wa iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, lakini mmea adimu kwenu huenda haujaingia orodha yoyote, kwa hiyo ufungeni wenyewe.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba msitu mdogo hauna cha kugundua. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba miti miwili iliyodhaniwa kutoweka duniani, Erythrina schliebenii na Karomia gigas, imepatikana karibu na Kilwa, kusini mwa Tanzania, katika misitu midogo ya pwani. Ilikuwapo muda wote. Ripoti ya Bustani ya Kew ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba aina mbili kati ya kila tano za mimea ya dunia ziko katika hatari ya kutoweka, na baadhi ya hizo zinaishi katika maeneo madogo ambayo mtu anaweza kuyazunguka kwa miguu asubuhi moja.

Mkishafanya orodha ya kwanza, hata kama ina mapengo, anzeni kung'oa. Chagueni wavamizi mnaowatambua bila shaka yoyote. Fanyeni kazi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mmea utoke na mizizi yake, na kabla haujazaa mbegu. Lantana ikikatwa tu juu ya ardhi huchipua upya ikiwa na matawi mengi zaidi. Ni lazima fundo la mizizi lichimbuliwe. Msifyeke kichaka chote siku moja, hata kama watu wapo na nguvu ipo. Ndege huzaliana humo, na ardhi iliyoachwa wazi jua likaipiga huota magugu upya kabla ya kitu kingine chochote. Ng'oeni ukanda mwembamba, rudisheni majani makavu juu ya udongo, kisha mrudi kila baada ya majuma machache kuviondoa vichipukizi vya magugu vingali vidogo. Sehemu hiyo ikishafunikwa na mimea ya asili ndipo msogee mbele. Matawi yenye matunda yasiburutwe kupitia eneo safi. Wanaong'oa gugu karoti wavae glovu na kufunika pua, kwani huwasha ngozi na kuwaletea wengine shida ya kupumua. Lakini mara nyingi magugu ni dalili tu: kama ng'ombe wanalala humo, au moto huingia kila kiangazi, au maji machafu yanamwagwa kijitoni, hakuna kung'oa kutakakotosha. Hao wenye ng'ombe na wanaochoma moto waiteni kikaoni mapema, muwasikilize shida yao ya malisho, mtafute njia pamoja nao.

Wekeni alama ili mjue kama mnafaulu. Chagueni sehemu tano au sita, mpige kigingi, na kila baada ya miezi mitatu mtu asimame pale pale apige picha kuelekea upande ule ule. Katika viwanja viwili vitatu vya mita 10 kwa 10 hesabuni miche ya asili iliyoota yenyewe, mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule. Na mwenye subira miongoni mwenu aandike kila mmea ulichanua lini na matunda yaliiva lini. Henry David Thoreau aliandika tarehe za maua karibu na mji wake wa Concord, Marekani, katika miaka ya 1850, na zaidi ya miaka 150 baadaye mwanasayansi Richard Primack na wenzake walizitumia kuonyesha kwamba mimea mingi ya hapo sasa huchanua mapema kwa sababu ya joto kuongezeka. Thoreau alikuwa mtembezi mwenye daftari. Kwenu nyinyi, kalenda hiyo itawapa kitu cha haraka zaidi: mtajua ni juma gani la kwenda kuchuma mbegu.

Mbegu ndizo zitakazowapa miche inayofaa kweli, pale itakapohitajika. Msichukue zaidi ya moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Zilizobaki ni za msitu, na za ndege na wanyama wake. Chumeni kwa mama wengi kadiri iwezekanavyo, waliosimama mbalimbali, wala si kwa mti mmoja unaozaa sana ulio karibu na njia. Miche ya mama mmoja ni ndugu, na vizazi vyao vikizaana vyenyewe kwa vyenyewe hudhoofika. Kumbukeni pia kwamba miti mingine ina dume na jike mbalimbali, kama mpapai, hivyo mti msiouona na tunda haimaanishi ni tasa.

Uhifadhi wa mbegu hutegemea aina. Nyingi hustahimili kukaushwa. Kwa hizo ipo kanuni ya kukadiria: kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu, na kila nyuzi 5 za joto zinazoshuka, huongeza maisha yake takriban mara mbili, ndani ya mipaka fulani. Zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye chupa inayofunga vizuri, mahali pa baridi. Lakini mbegu za miti mingi ya misitu yenye unyevu, zile kubwa zenye nyama kama ya parachichi au embe, zikikauka zinakufa. Hizo zioteshwe ndani ya siku chache tangu kuchumwa. Zenye ganda gumu za jamii ya mikunde mnaweza kuzikwaruza kwa msasa au kuzimwagia maji ya moto yaliyotolewa jikoni, kuziacha zilowe usiku kucha, na asubuhi mtaona zilizovimba.

Kupanda kunafaa pale ambapo udongo umeshapoteza mbegu na visiki vyake, labda ukingo wa kijito uliolimwa muda mrefu, na misimu miwili ya kusubiri haijaleta chochote. Hapo changanyeni aina nyingi za asili, zikiwemo zinazokua haraka na kuleta kivuli, na zinazozaa matunda ya kuwavuta ndege na popo. Mikuyu ya asili hufanya kazi hii vizuri kupita kiasi, kwa kuwa ndege wanaokuja kula huleta tumboni mbegu za miti ambayo hamngeweza kuipata. Ila nawasihi: kama ndani ya ekari hizo kuna uwazi wa nyasi wenye maua mengi madogo, msidhani ni pengo linalosubiri miti. Mbuga na nyasi za asili zina mimea yake, mingine ya umri mkubwa yenye mizizi minene ardhini, na kivuli cha miti ya kupandwa huiua moja kwa moja.

Turudi kwa mfadhili. Mwandikieni kwa shukrani, mumwombe mambo matatu kuhusu hiyo miche 500: orodha ya majina ya kisayansi, mbegu zilichumwa wapi na kwa mama wangapi, na udongo wa viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, ulitoka wapi, kwa maana viriba huingiza magugu na vimelea vya magonjwa ya mizizi. Kama aina ni za asili ya eneo lenu na mbegu zilitoka karibu, kitalu kiendelee kuitunza miche hadi msimu wa pili, nanyi mtakuwa mmeshajua ni wapi inahitajika. Pengine mtahitaji 80, iliyobaki mkawagawia majirani kwa ajili ya mipaka ya viwanja vyao. Kama orodha ina miti ya kigeni, muulizeni kwa upole kama fedha ile ile inaweza kununua glovu, majembe ya mkono, lenzi, karatasi za kukaushia, na nauli ya mtaalamu wa hebaria aje atembee nanyi siku mbili. Mkimpata mtu huyo, mchagulieni juma ambalo mimea mingi imechanua, na safu ile ya nne ya daftari muwe mmeshaiandaa kwa picha na namba, ili saa zake zote ziende kwenye mimea ambayo nyinyi wenyewe mmeshindwa kuitambua.